Mtoto akikwama kwenye grafu, usimwambie 'hata mimi zilinishinda'

Jumapili moja jioni binti yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliweka penseli chini akasema, "Mama, Ijumaa naenda kubadili mchepuo. Naacha Fizikia na Kemia. Hesabu si zangu."

Shule ilikuwa imewapa wanafunzi hadi Ijumaa ile. Anayetaka kuhama mchepuo wa sayansi ajaze fomu, mzazi asaini, irudishwe. Fomu ilikuwa tayari mezani, chini ya daftari.

Nikamjibu kwa haraka, kama wengi wetu tunavyojibu: "Usijali mwanangu, hata mimi hesabu zilinishinda."

Nilidhani namfariji. Lakini nilimwona akishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaivuta ile fomu. Hapo nikashtuka. Kumbe sikumfariji. Nilikuwa nimempa ruhusa ya kukata tamaa, tena kwa jina la ukoo.

Mzazi unayesoma haya, huenda na kwako yamewahi kutokea. Kwa miaka mingi matokeo ya kidato cha nne nchini yameonyesha Hisabati ikiwa mkiani miongoni mwa masomo, na wengi wetu tuliipita njia hiyohiyo. Kwa hiyo mtoto akileta daftari, tunaogopa hata kulifungua. Ninachotaka kukueleza leo ni kwamba kwenye mada ya grafu mzazi asiyekumbuka hata mlinganyo mmoja bado anaweza kusaidia, kwa sababu sehemu kubwa ya mada hiyo ni kusogeza, kupindua na kukunja. Mikono yetu inayajua mambo hayo.

Nilijifunza hilo usiku uleule, na aliyenifundisha ni baba yangu.

"Nielezee, mimi sioni"

Baba yangu ni mvuvi wa zamani wa Bagamoyo. Siku hizo alikuwa amekuja kwetu Kigamboni kwa ajili ya kliniki ya macho. Alikuwa amekaa pembeni na redio yake, akaipunguza sauti.

"Mjukuu wangu, hebu nielezee huo mchoro unaokuliza. Mimi sioni vizuri."

Binti akasita. Darasani anasoma kwa Kiingereza, na babu yake hajui Kiingereza. Ikabidi atafute maneno.

"Ni kama herufi U, babu. Inashuka, inafika chini, halafu inapanda."

"Inashuka na kupanda sawasawa?"

"Inatakiwa hivyo."

"Na hiyo uliyochora wewe?"

Akapitisha kidole kwenye karatasi. "Hapana. Mkono wa kushoto umeishia chini kuliko wa kulia."

Babu akacheka. "Chombo kikilala upande mmoja, kuna mzigo haukupangwa vizuri. Utafute."

Swali lilikuwa hili: chora grafu ya y = x² − 4x + 1, kuanzia x ikiwa −1 hadi 5. Kwa asiyekumbuka, maana yake ni kwamba unachukua kila namba kati ya hizo, unaiingiza mahali pa x, na jibu linalotoka ndilo kimo cha nukta yako kwenye karatasi. Sheria ya namna hiyo, ya kuingiza namba moja na kutoa jibu moja, ndiyo inayoitwa fanksheni. Majibu ya binti yangu yalikuwa 4, 1, −2, −3, −2, 1, 6.

Yasome tena kwa sauti. Yanashuka hadi −3, kisha yanapanda. Baada ya −3 kuna −2, na kabla yake kuna −2. Kisha kuna 1 na 1. Halafu mwisho wa huku ni 6, na mwisho wa kule ni 4. Hapo ndipo chombo kilipolala.

Nilichukua karatasi ile nikaikunja kwenye mstari wa wima unaopita x ikiwa 2, nikaiinua kwenye taa. Nukta zote zikalaliana isipokuwa moja, ile ya kushoto kabisa. Binti akarudia hesabu yake. Alikuwa ameandika −1 kwenye kikokotoo bila mabano, kisha akabonyeza kitufe cha kipeo cha pili, nacho kikampa −1. Ukiandika hivyo, kikokotoo kinapiga hesabu ya 1 mara 1 kwanza, kisha kinaweka alama ya kutoa. Alipoweka mabano akapata 1, na jibu la mwisho likawa 6.

"Kwa hiyo nilikosea kitu kimoja tu?" akauliza.

Kimoja tu. Na wiki nzima alikuwa akijiita mjinga kwa ajili ya mabano.

Jedwali linalojisahihisha

Hili ndilo jambo la kwanza la kubeba. Grafu yoyote ya aina hii, yenye x² na isiyo na kipeo kikubwa zaidi ya hicho, ina mstari mmoja wa wima unaoigawa sehemu mbili zinazofanana kabisa. Hali hiyo ndiyo tunayoiita ulinganifu.

Ukijua hilo, unaweza kukagua kazi ya mtoto bila kupiga hesabu hata moja. Tafuta nukta mbili zenye kimo kimoja, kisha tafuta katikati yake. Kwa mfano wetu, x ikiwa 0 jibu ni 1, na x ikiwa 4 jibu ni 1. Katikati ya 0 na 4 ni 2, basi mstari wa kukunjia unapita kwenye 2. Majibu yote ya kushoto kwa mstari huo lazima yajirudie kulia kwake kwa umbali uleule. Jibu lisilo na pacha lirudiwe.

Hilo pia linampunguzia mtoto kazi. Akishajua mstari wa kukunjia, anaweza kukokotoa nusu ya jedwali, nusu ya pili ikawa ya kuhakikisha. Kwenye chumba cha mtihani hizo ni dakika anazookoa.

U moja, mahali pengi

Baada ya kosa lile kurekebishwa, binti alikuwa na lalamiko jingine. "Lakini Mama, ziko nyingi mno. Kila swali lina grafu yake."

Hapo ndipo watoto wengi wanapochoka. Wanaiona kila grafu kama mgeni mpya, wanaanza jedwali upya, wanajaza kurasa. Ukweli ni kwamba wageni ni wachache. Nyingi ya grafu hizo ni grafu ileile ya y = x² iliyohamishwa, kupinduliwa au kuvutwa.

Fanyeni hivi. Chukua kava la plastiki linaloonyesha, lile la kufunikia madaftari. Mtoto achore y = x² kwenye karatasi ya grafu: x ikiwa 0 kimo ni 0, ikiwa 1 au −1 kimo ni 1, ikiwa 2 au −2 kimo ni 4, ikiwa 3 au −3 kimo ni 9. Kisha aweke kava juu na kuinakili U hiyo kwa kalamu ya wino mzito. Sasa ana U inayotembea.

Akikutana na y = x² + 3, asogeze kava juu hatua 3, kwa kuwa kila jibu limeongezewa 3. Akikutana na y = x² − 3, alishushe hatua 3. Hapo hakuna mtoto anayekwama, maana kuongeza kunapandisha na kutoa kunashusha.

Tatizo linaanza namba ikiwa ndani ya mabano. Grafu ya y = (x − 2)² inasogea hatua 2 kwenda kulia, na ya y = (x + 2)² inasogea kushoto. Binti yangu alikuwa amekariri kwamba "ndani ya mabano ni kinyume", lakini hakujua kwa nini. Kwenye mtihani, kinachokaririwa bila sababu ndicho cha kwanza kupotea.

Aliniuliza mimi, nikanyamaza. Babu ndiye aliyejibu, ingawa hakujua kwamba anajibu swali la hisabati.

Maji ya kesho

"Wewe unasema kutoa kunapeleka mbele," babu alisema. "Mbona ni jambo la kawaida? Maji ya kesho ni maji ya leo yaliyochelewa. Leo maji yamejaa saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kesho yatajaa karibu na saa nne."

Kila anayeishi pwani anajua hili. Katika bahari yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Kuna siku yanachelewa kidogo zaidi na siku yanachelewa kidogo pungufu, lakini wastani ni huo. Sababu ni mwezi. Dunia inapomaliza kujizungusha mara moja, mwezi nao umeshasogea kwenye njia yake, basi dunia inahitaji kama dakika 50 zaidi ili mahali petu paukabili tena.

"Sasa babu," binti akauliza, "nikitaka kujua maji ya kesho saa nne yatakuwa kimo gani, nifanyeje?"

"Rudi nyuma. Angalia ya leo saa tatu na dakika kumi."

Binti akanyamaza, kisha akachukua karatasi. Maji ya kesho kwenye saa fulani ni maji ya leo kwenye saa hiyo *kutoa* dakika 50. Ametoa. Lakini akichora mchoro wa leo na mchoro wa kesho, mlalo ukiwa saa na wima ukiwa kimo cha maji, mchoro wa kesho uko kulia kwa mchoro wa leo, kwa sababu umechelewa.

Hiyo ndiyo siri ya mabano. Kutoa 2 ndani ya mabano ni kumwambia x arudi nyuma hatua 2 akachukue jibu la zamani. Kitu kilichokuwa kinatokea kwenye 0 sasa kinasubiri hadi 2. Mchoro mzima umechelewa hatua 2, basi umesogea kulia. Ukijumlisha 2 ndani ya mabano, mambo yanatokea mapema, na mchoro unasogea kushoto.

Kisha akarudi kwenye swali lake. Mwalimu alikuwa amewaonyesha kwamba x² − 4x + 1 inaweza kuandikwa (x − 2)² − 3. Fungua mabano uone: unapata x² − 4x + 4, ukitoa 3 inabaki x² − 4x + 1. Akachukua kava lake, akalisogeza kulia hatua 2, akalishusha hatua 3, akaliweka juu ya grafu aliyoichora kwa jedwali. Zikalingana nukta kwa nukta. Kitako cha U kilikuwa kwenye 2 kwa mlalo na −3 kwa wima, na mstari wa kukunjia ulikuwa kwenye 2. Mwanzoni mstari huo ulikuwa katikati, kwenye 0. Umehama pamoja na U yake.

Bamvua, maji mafu na mpira uliorushwa

Babu alikuwa ameshanogewa. Akaendelea na bamvua na maji mafu, nasi tukaendelea kuchora.

Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua, na kwenye pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana, nayo ndiyo maji mafu. Mchoro wa kupanda na kushuka ni uleule, ila mmoja umevutwa kwenda juu na chini, mwingine umebanwa.

Kwenye grafu mvuto huo hutokana na kuzidisha. Katika y = 2x² kila kimo kinakuwa mara mbili: palipokuwa na 9 panakuwa na 18. U inapanda kwa kasi, na kwa macho inaonekana nyembamba. Katika y = ½x² kila kimo kinakuwa nusu, na U inaonekana pana, kama sahani.

Na ukiweka alama ya kutoa mbele, y = −x², kila kilichokuwa juu kinakwenda chini. U inageuka kilima. Pindua kava kwa kuvuta ukingo wa juu uje chini, utaiona.

Kilima hicho mtoto anakiona kila siku. Akirusha mpira juu na kuudaka, kisha akachora kimo chake kwa kila sehemu ya sekunde, anapata U iliyopinduliwa. Tukiacha ukinzani mdogo wa hewa, muda wa kupanda ni sawa na muda wa kushuka, na mstari wa kukunjia unapita pale mpira ulipofika juu kabisa. Nilipolisema hilo, binti akanitazama. "Lakini hiyo ni Fizikia, Mama." Nikamwambia ndiyo, ndiyo hiyohiyo anayotaka kuiacha.

Kanga na karata

Swali la mwisho la kazi ile liliwataka waseme kila fanksheni ni shufwa, witiri, au si yoyote. Tunayajua maneno haya kutoka kwenye namba: 2, 4 na 6 ni shufwa; 1, 3 na 5 ni witiri. Kwa fanksheni, maana yake inaonekana kwa mkunjo na mzunguko.

Chukua kanga. Kanga nyingi ukizikunja katikati, kushoto juu ya kulia, pindo hukaa juu ya pindo na maua ya mji hukaa juu ya maua. Fanksheni shufwa iko hivyo: ukikunja karatasi kwenye mhimili wa wima unaopita 0, pande mbili zinalaliana. Kwa namba, ukiingiza 3 au −3 unapata jibu moja. Katika x², zote mbili zinatoa 9. Lakini itazame kanga tena. Jina halilaliani, kwa sababu maandishi yakikunjwa hivyo yanasomeka kinyume. Kitu kimoja kisipolaliana, ulinganifu haupo. Grafu nayo ndivyo ilivyo, haina kulingana kwa karibu.

Sasa chukua karata ya mfalme. Ukiikunja katikati, picha haziangukiani. Lakini ukiizungusha nusu mzunguko, kichwa kikaenda chini, unaona picha ileile. Hiyo ndiyo witiri. Mfano wake ni y = x³: ukiingiza 2 unapata 8, ukiingiza −2 unapata −8. Geuza karatasi juu chini, mchoro unabaki vilevile.

Majina hayo hayakutoka hewani. Fanksheni kama x² na x⁴, zenye vipeo shufwa, ni shufwa. X³ na x⁵, zenye vipeo witiri, ni witiri. Na y = x² − 4x + 1? Si shufwa wala si witiri. Ina mkunjo wake, ila uko kwenye 2, haupo kwenye 0. Imehama kwao.

Tukifika hapo mada nzima inakuwa kitu kimoja. Kusogeza, kupindua na kuzungusha ni mabadiliko. Ulinganifu ni pale unapofanya badiliko na mchoro ukabaki kama hukufanya kitu.

Mzazi ufanye nini leo

Kwanza, mwache mtoto akueleze kwa Kiswahili. Watoto wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari wakakutana na hesabu zilezile kwa Kiingereza. Wakati mwingine kilichowashinda ni maneno. Baba yangu alisaidia kwa sababu hakuona na hakujua Kiingereza, basi mtoto akalazimika kueleza kila kitu mwanzo hadi mwisho.

Pili, uliza maswali matatu tu: Imetoka kwenye grafu gani ya kawaida? Imesogea, imepinduka au imevutwa? Ikikunjwa au ikizungushwa, inalaliana? Huhitaji kujua majibu. Mtoto ndiye ajibu, na karatasi iseme kama amepatia.

Tatu, tafuteni kosa kabla ya kutoa hukumu. "Nimekosea mabano" ni jambo la dakika mbili. "Mimi si mtu wa hesabu" ni jambo la maisha, na mara nyingi mtoto anayesema la pili amepatwa na la kwanza.

Nne, lile neno langu la mwanzo liache. Kama hesabu zilikushinda, sema ukweli mwingine ambao pia ni kweli: "Mimi nimesahau, hebu nifundishe."

Ijumaa ilifika. Fomu sikuisaini kwa sababu haikuletwa kwangu. Niliikuta siku chache baadaye ndani ya daftari la hesabu, tupu, imekunjwa katikati kushika ukurasa. Kwenye jaribio la mada ile binti alipata 14 kati ya 20. Alikosea swali la kuvuta grafu na kuisogeza kwa pamoja, akaanza kulirudia jioni ileile bila kuambiwa.

Babu aliporudi Bagamoyo alipiga simu kuuliza maji yamejaa saa ngapi huku Kigamboni. Binti akachungulia kalenda, akahesabu siku tangu babu alipoondoka, akazidisha kwa dakika 50, akamtajia saa.

"Umekaribia," babu akamwambia. "Hukukosea sana."